Waliopita Bila Bangili

Majani Park, Kaplong,
Jumapili, 15 Februari 2026.

Mama yangu mpendwa Rodah Cherotich,

Chamgei, Mama. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yakiwa yamekubali kukupeleka hadi kwenye majani ya chai na kukurudisha, na yule ng'ombe mweupe akiwa ameacha ujeuri wake wa kupiga ndoo teke. Sisi huku tuko salama. Kipkemoi yuko zamu ya asubuhi kiwandani mwezi huu, kwa hivyo jioni yuko nyumbani akilalamika kwamba ugali wangu ni laini, kama alivyolalamika tangu siku aliyonioa. Kipkurui ameanza gredi ya nne na sasa anajua kila kitu duniani kumshinda baba yake. Chepchirchir ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Mdogo wao anatembea, na kila akitoka nje anatoka na kijiko changu. Watoto wako wote wapo, wanakula, wanapigana, na wanamsalimu Gogo, bibi yao. Sisemi ni wangapi.

Utashangaa kupokea barua. Siku hizi nani anaandika? Lakini Mama, kila nikikupigia simu unawauliza watoto, unauliza mvua, halafu unaniambia kuna mtu mlangoni na unakata. Ni mtu gani huyu anayebisha hodi kwako kila nikipiga? Nimeona afadhali niandike, kwa sababu barua huwezi kuikatia katikati. Anayekuletea ni Celine, yule binti wa jirani yako anayefanya kazi huku kwetu kwenye chumba cha kufulia, maana amepewa wiki ya mapumziko. Nimeibandika kwa gundi na nimemwambia akiifungua nitajua. Isome peke yako kwanza, na chai yako kando.

Huyu Celine ndiye aliyenieleza yanayosemwa huko Sigowet. Kwamba nimetolewa ofisini. Kwamba watu waliokuja juzi wameniona nimesimama getini na koti la manjano, nikifunga watu bangili mkononi pamoja na vijana wa kibarua. Hayo ni kweli, Mama. Sitakuficha, koti lenyewe liko hapa nyuma ya kiti ninapoandika. Lakini Celine aliniambia jambo la pili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alisema umeacha kiti chako cha kuongoza maombi ya akina mama. Alisema chakula unakigusa tu na kukirudisha, na kwamba ukiulizwa unajibu kuwa ni mdomo wako ulionimaliza.

Mama, si mdomo wako. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nitakueleza yote, na mwisho wake utajua ni nani aliyenitoa pale nilipokuwa.

Acha kwanza nijisifu kidogo, maana hujawahi kuielewa vizuri kazi yangu, na kosa ni langu kwa kutokueleza. Wewe huwaambia watu kwamba mimi ni wa hoteli ya bembea. Haya, bembea zipo. Kuna gurudumu kubwa ambalo ukifika juu yake unaona majani ya chai mpaka macho yanachoka, kuna materemko ya maji, na kuna gari moshi dogo linalopita katikati ya mashamba likipiga honi mpaka wachumaji wamezoea kulipungia mkono. Hoteli yenyewe ina vyumba mia moja na arobaini, na Desemba hupati hata kimoja. Wanatoka Nairobi, Eldoret, Kisii, mpaka Uganda. Hakukuwa na kitu kama hiki sehemu zetu hizi, Mama, na mkaza mwanao wa Nyamira alikuwa na ofisi ndani yake, mlango ukiwa na jina lake: Phanice Bochaberi, Msimamizi wa Ujazo.

Ujazo ni idadi ya watu ambao bustani inaweza kuwabeba kwa wakati mmoja. Wengi hudhani idadi hiyo inatokana na ukubwa wa shamba. Wapi! Inatokana na paa. Wewe unaijua mvua yetu. Asubuhi jua, saa tisa mchana mbingu zimebadilika, na mara mvua ya mawe inashuka kuharibu majani ya watu. Mgeni wa Nairobi huicheka mpaka jiwe la kwanza limpate kichwani. Basi tulipokuwa tunaanza, mimi na injinia tuliomba wanafunzi wa sekondari ya jirani, tukawasimamisha chini ya kila bati tulilonalo, ukumbi wa michezo, mkahawa, stesheni ya gari moshi, baraza za hoteli, mpaka wakajaa bila kukanyagana. Ikatoka elfu nne. Wageni wa hoteli wamo humo humo, nao wana haki ya kwanza kwa sababu wamelala pale. Zaidi ya elfu nne, mvua ya mawe ikija kuna mtu atabaki nje, na watu elfu nne wenye hofu hawamsubiri mtu.

Sasa tunawahesabuje? Hapa ndipo unapoingia wewe. Unakumbuka siku ya kwanza Kipkemoi aliponileta kwako? Nilitaka kujua sahani ngapi za kutoa, nikaanza kuwahesabu watoto kwa kidole. Ulikuja haraka, ukakikunja kidole changu ndani ya kiganja. Ulisema kwenu watu hawahesabiwi, hata ng'ombe hawahesabiwi. Mtu hutazama tu na kujua nani hayupo. Nilikasirika kidogo, sitakudanganya. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na njaa, na kwetu Ugusii kidole hakijawahi kumuua mtu. Lakini nilipoitwa kwenye usaili wa kazi hii, nikaulizwa nitawahesabuje watu bila kuwakera, nikasimulia kisa hicho. Bwana Isaiah, mkurugenzi wetu, ambaye ni mtu wa kwenu, alicheka mpaka akavua miwani kupangusa macho. Nikamwambia tusihesabu watu, tuhesabu bangili.

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Kila asubuhi nilikuwa natoa stoo bangili elfu nne za karatasi ngumu, za buluu kwa wageni wa hoteli na za manjano kwa wanaokuja na kurudi. Kila anayeingia anafungwa moja. Anayetoka anakatwa yake, inatumbukizwa kwenye sanduku, na nafasi yake anapewa mwingine. Bangili zikiisha, geti linafungwa. Hakuna kubishana na hakuna kumnyooshea mtu kidole. Wamekuja watu wa hoteli kubwa za huko nje kuangalia mpango huo, na nimewaambia wote kwamba niliufundishwa na mama mkwe wangu wa Sigowet.

Kwa hivyo siku ile ya Boksing Dei, kesho yake ya Krismasi, nilijua vizuri kabisa ninachokifanya. Bangili ya mwisho ilitoka saa tano kasorobo. Saa tano na dakika chache mabasi yenu mawili ya akina mama wa kanisa yakapinda kutoka barabarani, mkiimba, vitambaa vyeupe kichwani, wewe ukiwa kiti cha mbele kando ya dereva. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Nilijua umewaambia wenzako kwamba mkaza mwanao ndiye mkubwa wa geti. Nilijua mmeamka saa kumi alfajiri kupika. Nilitoka mwenyewe, sikumtuma askari, nikapanda kwenye basi, nikawaeleza kwamba pamejaa na kwamba kabla ya saa kumi jioni hakuna atakayetoka. Uliniuliza kwa upole kama hata wewe peke yako hakuna nafasi. Nikasema hata wewe, Mama.

Mlikula chakula chenu kwenye nyasi kando ya barabara, na magari ya watu yakiwapita. Niliwaona kutoka kwenye dirisha la ofisi. Kabla ya kuondoka ulirudi getini na kuniambia lile neno, kwamba mlango niliowafungia wakubwa wangu na mimi nitafungiwa. Ulilisema mbele ya wenzako, na nilimwona mmoja wao akifunika mdomo. Nilirudi ofisini nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Saa nane na nusu mvua ya mawe ikashuka. Mama, ungeiona bustani siku hiyo! King'ora kililia mara moja, watu wakaenda chini ya paa zao kama walivyoelekezwa, na ndani ya dakika sita hakukuwa na mtu hata mmoja nje. Nilipita ukumbi kwa ukumbi. Wamejaa, wamebanana, wanaimba, watoto wanaokota mawe ya barafu mlangoni. Hakuna aliyekwaruzwa hata kidole. Nilisimama pale nimelowa chapachapa na nikajivunia kazi yangu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Sasa kuhusu meli. Habari hiyo ulipewa na Kipkemoi, na Celine anasema ulipoisikia, pamoja na hasira zako zote, ulisimama sokoni ukawaambia watu kwamba mkaza mwanao anakwenda kuwa mkubwa wa meli. Nilicheka na kulia niliposikia hivyo. Ilikuwa kweli. Wenye bustani wameona hoteli inajaa na ardhi haiongezeki, wakaamua kwenda majini. Wanaunda meli ya kitalii pale Kisumu, vyumba arobaini na nane, iwachukue wageni wanaotoka kwetu iwazungushe Ziwa Victoria siku mbili, walale humo humo, wale samaki, waone visiwa. Walitaka mtu wa kusimamia abiria wote: nani amepanda, nani ameshuka, kila mtu na koti lake la kuokolea. Ziwa halina baraza, Mama. Bustanini ukizidisha mtu ananyeshewa, na ziwani ukizidisha mnazama wote.

Januari, siku ya mkutano wa wafanyakazi, Bwana Isaiah alisimama akasema amempata mtu huyo. Alisema mwanamke aliyemfungia geti mama mkwe wake, siku ya sikukuu, mbele ya kanisa lake, huyo hatamwongeza mtu kwenye meli hata akija nani. Akanitaja. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wengine wakapiga na meza. Nikainuka, nikatabasamu, nikakaa.

Sasa Mama, shika kikombe vizuri. Ninayokuandikia hapa hata Kipkemoi aliyajua mwezi uliopita tu.

Jumatatu ya Pasaka mwaka jana, bangili ziliisha saa tano na nusu. Saa sita kaka yangu Mageto akanipigia simu. Alikuwa nje ya geti na basi zima kutoka Nyamira, kwaya ya kanisa letu, shangazi zangu, majirani, na binti yake Elmina wa miaka tisa. Nilimwambia pamejaa. Akaniuliza kama kweli mimi ni mkubwa mahali hapa au niliwadanganya, na shangazi mmoja akamnyang'anya simu akasema ndiyo haya ya kuolewa mbali, mtu anasahau kwao. Wewe unanijua. Ukitaka kunichoma, sema nimesahau kwetu. Nikawazungusha nyuma, kwenye lile geti la upande wa majani ambalo gari la nguo hupitia, nikawafungulia. Bangili hazikuwepo. Walipita bila bangili, wote hamsini na wanane, kama Mageto alivyoniambia baadaye.

Na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia sijawahesabu. Kitabu kinasema elfu nne, bangili zilizotoka ni elfu nne, na hawa hawakuhesabiwa, kwa hivyo hawamo. Nilichukua fundisho lako jema nikajifunika nalo. Wewe ulikuwa na maana kwamba mtu ni mkubwa kuliko namba, umtazame mpaka ujue yuko wapi. Mimi nililigeuza likawa ruhusa ya kutomtazama mtu. Najua kuna wengi wa kwenu wangeniambia hapo ndipo nilipokosea kabisa, na wangekuwa na haki.

Saa tisa mvua ya mawe ikaja. Watu wangu walikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye stesheni ya gari moshi. Paa la stesheni lilikuwa tayari limejaa watu kwa kipimo chake. Hapakuwa na mahali pao, kwa hivyo wakakimbilia daraja la kamba ili wavuke kwenda ukumbini. Daraja lile ni la watu thelathini. Aliyekuwa analilinda ni Oyoo, mtu wa makamo kutoka upande wa Kisumu, mpole, ana mke na watoto. Alishika kamba yake akajaribu kuwazuia, wakamsukuma wakapita. Daraja likalala upande. Wengi walishikilia, lakini Elmina aliponyoka akaanguka kijitoni na mkono ukavunjika mahali pawili. Aliyeruka majini kumtoa ni Oyoo huyo huyo. Mungu ni mkubwa, kijito ni kidogo, na mkono ulipona. Ungekuwa mto wenyewe, ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Kikao kikaitwa. Oyoo alisema wazi kwamba aliowaona darajani wengi hawakuwa na bangili. Bwana Isaiah akanigeukia, akaniuliza kama kuna mtu anaweza kuingia bila bangili. Nikafungua kitabu changu, kisafi, elfu nne kamili. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya ofisini, Mama, ile sauti unayosema ni ya kizungu. Oyoo hakunitukana, hakuinua sauti. Wiki hiyo akafukuzwa kwa uzembe, na barua yake ikaandikwa hivyo, uzembe. Mageto alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na nikasifiwa kwa kuweka kitabu vizuri.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa. Niliogopa kupoteza ofisi na jina lile mlangoni. Na niliogopa zaidi kusikia ikisemwa kwamba mlioa Mkisii, naye akapewa geti akawafungulia watu wake. Nilijua nikisema, aibu haitaishia kwangu, itapanda mpaka Sigowet mpaka kwako kanisani.

Kwa hivyo Boksing Dei, ulipoketi kwenye basi ukaniuliza kama hata wewe peke yako hakuna nafasi, hukuwa unazungumza na mtu mgumu wa moyo. Ulikuwa unazungumza na mtu aliyeogopa. Lakini kuna jambo hapa ambalo siwezi kulizunguka: watu wa tumbo la mama yangu niliwafungulia, na wewe nikakufungia. Limeniuma kuliko mengine yote, na sasa litakuuma na wewe. Ukikasirika, kasirika kwa hilo. Ni haki yako, na nitakaa chini nisikilize.

Baada ya mkutano ule wa makofi tulipelekwa Kisumu kuiona meli. Bado ni chuma kitupu, mafundi wanachomelea, lakini ni kubwa, Mama, ukisimama chini yake shingo inauma. Nilipotoka kwenda kunywa maji nikakuta watu wanaosha magari kando ya ziwa, na mmoja wao akaniita madam. Alikuwa Oyoo. Suruali ameikunja hadi magotini, ndoo mkononi. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza mkono wa yule mtoto ulipona vizuri. Aliulizia mkono wa mtoto kwanza! Halafu akasema amesikia meli itahitaji watu wanaojua maji, na yeye amekulia majini, lakini kila anapoomba kazi wanasoma ile barua wanamrudishia. Akaniomba, kama sitaona vibaya, nimsemee neno kwa Bwana Isaiah.

Nilirudi kwenye gari nikakaa. Wenzangu walikuwa wanajadili rangi ya mapazia ya vyumba vya meli. Tulipofika Kaplong sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Isaiah, nikasimama mbele ya meza yake, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, tangu simu ya Mageto hadi kitabu kisafi. Nikamwambia neno la Oyoo ninalo, na neno lenyewe ni hilo.

Aliniuliza nani mwingine anajua, nikasema ni kaka yangu tu. Akaniambia kwamba ningenyamaza, ningeondoka na meli. Nikasema najua. Basi akaniambia kama angeyasikia kwa mtu mwingine ningekuwa nje siku hiyo hiyo, na jina langu asingetaka kulisikia tena. Lakini kwa sababu nimekuja kwa miguu yangu, nitabaki, ila ofisi sina, meli sina, na kuanzia mwezi wa pili nitavaa koti la manjano na kufunga bangili mpaka atakapoona vingine. Oyoo aliandikiwa barua mpya inayofuta ile ya kwanza, na amepewa kazi kwenye meli, sehemu ya kuwapandisha na kuwashusha abiria. Atafanya vizuri kuliko mimi. Mageto ameninunia, anasema nimemchongea bure. Atazoea.

Sasa unaona, Mama. Neno lako la getini halikunifikia. Lilikuwa neno la mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake, na hasira yake ilikuwa halali. Mlango niliofungiwa niliufunga mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu zote zikiwa kichwani, na ulistahili kufungwa. Rudi kwenye kiti chako cha maombi. Kula. Wakikuuliza ni nini kilichonipata, usiwaambie ni laana, waambie nilisema uongo halafu nikasema ukweli. Usinifiche kwa ajili ya heshima yako au yangu. Nimefichwa miezi ya kutosha.

Na usinionee huruma, tafadhali. Jumamosi iliyopita tulikuwa na watu wengi, foleni hadi barabarani. Nilifunga bangili tangu saa mbili mpaka vidole vikaota sugu, na kila mtu niliyemfunga nilimtazama usoni. Jina langu limeondolewa kwenye mlango ule na pamebaki mashimo ya misumari. Nilipita hapo nikienda chai, na shingo yangu haikuinama. Nilikuwa mkubwa mahali hapa miaka mitatu, na sikuwahi kutembea hivyo.

Kipkemoi anakusalimu. Siku niliyomweleza, jioni alikula ugali wangu wote na hakuulalamikia, nikajua tumeelewana. Watoto wanataka kujua utakuja lini. Nisalimie akina mama wote wa kanisa, na uwaambie mkaza mwanao anawaomba msamaha kwa chakula kile cha kando ya barabara.

Pasaka imekaribia. Njooni nyote na vitambaa vyenu vyeupe, na safari hii nitakufunga bangili kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini Mama, mje mapema, kabla ya saa tatu. Mkija saa tano na pamejaa, nitawafungia tena.

Ni mimi, mke wa mwanao na binti yako kama bado unanitaka,

Phanice Bochaberi